Taa za omo zinapepesa saa nane usiku: pima kwanza, usinunue taa nyingine

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Nina boti ya faiba ya mita 9, tunavua dagaa kwa taa huku Mkokotoni. Nimefunga taa nne za LED za wati 30 kila moja, mbili tezi (nyuma) na mbili omo (mbele). Betri ni moja ya volti 12, ampea-saa 100, ipo tezi. Tukiwasha saa mbili usiku zote zinawaka vizuri, lakini ikifika saa nane zile za omo zinaanza kupepesa. Za tezi hazina neno. Nikiwasha mashine, zote zinatulia. Taa za omo nimeshazibadilisha mara mbili na hali ni ile ile. Halafu taa ya mkanda iliyo ndani ya kibanda imezima vipande vipande, na ile nyekundu ya ubavuni haiwaki kabisa ingawa balbu ni mpya. Dukani wananiambia ninunue betri. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, nahodha. Tafadhali usitoe tena hela dukani mpaka umalize kusoma haya. Umeshanunua taa nne za bure, na nikikuacha utanunua na betri ya bure.

Maelezo yako ni mazuri kuliko ya wengi wanaoniletea boti, kwa sababu umetaja saa, umetaja upande, na umetaja kinachotokea mashine ikiwaka. Taa mbovu ingepepesa tangu saa mbili, na ingepepesa popote ulipoifunga. Zako zinapepesa omo tu, zinangoja usiku wa manane, na zinapona zenyewe mashine ikianza kuchaji. Maana yake umeme unaofika omo ni mdogo kuliko unaotoka kwenye betri, na tofauti hiyo inaliwa njiani. Taa zako za zamani, kama hukuzitupa, huenda ni nzima kabisa.

Nikueleze kwa nini zinapepesa badala ya kufifia tu. Balbu ya zamani ya uzi ukiipunguzia umeme inakuwa nyekundu na kuchoka polepole, kila mtu anaona. Taa ya LED ya wati 30 ina kisanduku kidogo cha elektroniki ndani yake, mafundi tunakiita draiva. Kazi yake ni kuhakikisha vijitaa vinapata umeme ule ule hata betri ikipanda au ikishuka. Volti zikipungua, draiva hufidia kwa kuvuta ampea zaidi. Taa zako mbili za omo ni wati 60: kwa volti 12 zinavuta ampea 5, kwa volti 10 na nusu zinavuta karibu ampea 5.7. Ampea zikiongezeka, waya unakula volti nyingi zaidi, na draiva inazidi kuvuta. Mwishowe volti zinashuka chini ya kiwango ambacho draiva imewekewa, mara nyingi kama volti 10, nayo inajizima. Ikijizima tu, waya haubebi tena mzigo, kwa hiyo volti zinaruka kurudi 11 na zaidi. Draiva inaona umeme umerudi, inawasha. Zinashuka tena, inazima. Huko ndiko kupepesa unakokuona, na ndiyo maana ukiweka taa mpya kabisa kutoka kwenye boksi nayo inafanya vile vile.

Sasa tufanye hesabu ya boti yako. Hukutaja unene wa waya, lakini waya ninaoukuta kwenye boti nyingi za dagaa ni ule wa milimita 1.5 za mraba, unaouzwa kwa ajili ya taa za nyumbani. Waya huo wa shaba una ukinzani wa karibu omu 0.012 kwa kila mita. Kutoka betri ya tezi hadi omo ni kama mita 8, na umeme lazima uende na urudi, kwa hiyo hesabu mita 16. Zidisha 16 kwa 0.012, kisha kwa ampea 5: unapata volti 0.96. Karibu volti nzima inaishia kwenye waya ulio mzima, haujaoza popote. Nyumbani kwenye umeme wa volti 230 volti moja si kitu. Kwenye volti 12 ni sehemu ya kumi na mbili ya kila kitu ulicho nacho.

Ongeza kiungo kimoja kilichoingia chumvi. Kiungo kibovu cha kawaida kinaweza kula volti 0.8 peke yake bila kuonyesha moshi wala harufu. Ifikapo saa nane, taa zako nne zimevuta ampea 10 kwa saa sita, yaani ampea-saa 60 kati ya 100, na betri inasoma kama 11.8 taa zikiwa zimewaka. Toa 0.96, toa 0.8: omo kunafika volti 10 na chembe. Draiva imefika mwisho wake. Taa za tezi, zilizo hatua mbili kutoka kwenye betri, bado zinapata 11 na kitu, ndiyo maana zinaendelea. Ukiwasha mashine, betri inapanda kwenye 14, na hata omo kunafika zaidi ya 12. Hesabu inakubaliana na kila ulichonieleza.

Kwa hiyo mwenye duka hakukudanganya kabisa. Betri mpya itakupa nafuu, itausogeza ugonjwa kutoka saa nane hadi labda saa kumi, halafu ikizeeka kidogo mtarudi palepale. Na kusema kweli betri ya ampea-saa 100 ya asidi haipendi kunyonywa zaidi ya nusu kila usiku. Huo ni mjadala wa peke yake, nitaugusa mwishoni.

Kazi yenyewe ifanye wakati wa mbalamwezi, boti ikiwa imepumzika. Huna haja ya kungoja saa nane usiku, kwa sababu kinacholiwa njiani kinaliwa hata mchana betri ikiwa imejaa. Unachohitaji ni multimita, yaani kipimo cha umeme, hata ile ya bei ndogo, na waya wowote mwembamba wa mita 10, hata wa spika. Weka multimita kwenye volti za betri, alama ya 20. Washa taa zote nne. Neno hili nalirudia kwa vijana wangu kila siku: pima taa ikiwa inawaka. Ukichomoa taa ukapima ncha za waya zikiwa tupu, multimita itasoma 12.4 ya kupendeza hata kama waya umebaki na uzi mmoja mwembamba kama unywele, kwa kuwa multimita yenyewe haivuti umeme wa kuhesabika. Mafundi wengi wanadanganyika hapo, wanasema umeme upo, basi taa ndiyo mbovu. Ukikosa taa ya kuweka kama mzigo, chukua balbu ya breki ya gari ya wati 21, iunganishe mahali pa taa. Inavuta karibu ampea 2 na itakuonyesha ukweli.

Anza kwenye betri. Gusisha ncha za multimita kwenye nguzo zenyewe za risasi, siyo kwenye vibano vilivyozifunga. Andika namba. Nenda omo, pima mahali waya unapoingia kwenye taa. Andika. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo jumla ya kinachopotea.

Sasa tafuta kinapotelea. Funga ule waya mwembamba mrefu kwenye ncha nyeusi ya multimita na upeleke ushike nguzo ya hasi ya betri. Wembamba wake hauna neno, kwa sababu hiyo niliyoitaja. Ncha nyekundu ishikishe kwenye waya hasi wa taa kule omo. Unapima hasi kwa hasi, na mtu asiyezoea atashangaa kwa nini isisome sifuri. Kwa waya wa milimita 1.5, mita 8 na ampea 5, tegemea karibu 0.5. Ikisoma 0.6, sawa. Ikisoma 1.2, hiyo ziada yote ni viungo, na hapo unarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea tezi, ukigusa kila kiungo kabla yake na baada yake. Mahali ambapo namba inashuka ghafla, umekipata. Kisha rudia kwa upande wa chanya: nguzo ya chanya ya betri hadi waya chanya wa taa, ukipita fyuzi na swichi. Swichi nzima na kishikio cha fyuzi kizima havipaswi kula zaidi ya volti 0.1 kila kimoja.

Mara nyingi mimi huanza na hasi. Upande wa chanya watu wanautunza kwa sababu una swichi na fyuzi. Hasi zote zinasokotwa pamoja rundo moja, zinazungushiwa tepu nyeusi, zinasukumwa chini ya sitaha karibu na ngama, kule chini yanakojikusanya maji, na hakuna anayezitazama tena.

Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilimuuzia nahodha mmoja taa mbili kwa tatizo kama lako. Baada ya wiki alirudi, boti imelala bila kuvua usiku tatu, na hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nina uhakika. Nilishuka ngama nikapapasa nyaya kwa vidole taa zikiwa zinawaka. Rundo moja la hasi lilikuwa na joto kama kikombe cha chai. Nilipolichana kwa kisu, maji yalitoka kwanza, kisha unga wa kijani, na nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi kama zimepita motoni. Nilikata sentimita tano, bado nyeusi. Nikakata tena, bado. Nilirudi nyuma karibu nusu mita ndipo nikapata shaba inayong'aa. Zile taa mbili nilimrudishia fedha zake. Tangu siku ile sijauza taa kabla ya kupima.

Zingatia hilo la nusu mita. Maji ya chumvi yanapanda ndani ya waya kati ya nyuzi kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na ganda la plastiki kwa nje linabaki zuri. Ukikata kidogo ukaunga juu ya shaba nyeusi, umefunga ugonjwa ndani. Kata mpaka uone mng'ao, na kama urefu hautoshi, badilisha waya wote.

Kwa boti yako ningebadilisha wote hata hivyo. Waya wa milimita 4 kwa safari ile ile ya mita 16 na ampea 5 utakula volti 0.37 tu, sawa na asilimia 3, kiwango ambacho watengenezaji wa boti makini hujiwekea kwa taa muhimu. Tafuta waya wa nyuzi nyingi uliopakwa bati, nyuzi zake zina rangi ya fedha. Huo ndio wa baharini. Ukiukosa, chukua wa shaba wa nyuzi nyingi, kamwe si ule wa uzi mmoja mgumu wa nyumbani, maana mtikisiko wa mashine unauvunja ndani ya ganda bila wewe kuona. Na ukiwa dukani, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Iache. Chumvi inaila haraka sana.

Viungo viwe vichache iwezekanavyo, na visikae ngama. Tumia vishikizo vya shaba vya kubana kwa koleo lake maalumu, siyo kwa meno wala nyundo, kisha vuta kwa nguvu. Kikichomoka mkononi mwako, kingechomoka baharini. Juu yake vesha mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, uchome mpaka uone gundi inatokeza pembeni. Tepu peke yake haizuii maji, inayatunza. Kuhusu kuchomelea kwa risasi, najua mafundi wengi wanaipenda, lakini waya uliochomelewa unakuwa mgumu pale risasi inapoishia, na hapo ndipo unapokatika kwa mtikisiko. Kwenye boti naamini kubana.

Kabla ya kufungua chochote, toa kibano cha hasi kwenye betri kwanza, na uhakikishe hakuna mvuke wa petroli ndani ya boti. Cheche moja inatosha. Na kila waya wa chanya unaotoka betri uwe na fyuzi karibu kabisa na betri. Kwa taa mbili za omo fyuzi ya ampea 10 inafaa. Fyuzi inalinda waya usiungue. Usiipandishe eti kwa sababu inakatika.

Taa ya mkanda ya kibandani ni habari nyingine kabisa, na hii haitokani na umeme mdogo. Inatokana na mwingi. Mkanda wa volti 12 umepangwa vijitaa vitatu vitatu: kila kijitaa cheupe kinahitaji karibu volti 3, jumla 9, na zile 3 zinazobaki zinaliwa na resista ndogo, kipande kinachopunguza umeme. Hakuna draiva. Kijitaa kimoja kikifa, wenzake wawili wa kundi lake wanazima pamoja naye, ndiyo maana unaona vipande. Sasa fikiria mashine inachaji kwa volti 14.4. Vijitaa vinabaki na 9 zao, resista inabebeshwa 5.4 badala ya 3. Umeme unaopita unakaribia mara 1.8 ya uliokusudiwa, na joto la resista zaidi ya mara tatu. Kibandani hakuna upepo, mkanda umebandikwa kwenye faiba isiyopitisha joto. Lazima ufe.

Pima betri mashine ikiwa imeshika kasi. Ukiona 14 hadi 14.5, chaji yako ni nzuri, nunua tu taa ya kibandani iliyoandikwa volti 10 hadi 30, siyo mkanda. Ukiona inapita 15, simama hapo hapo. Mashine nyingi ndogo za kupachika zinatoa umeme usiodhibitiwa, na bila regyuleta, kifaa cha kudhibiti volti, utaendelea kuua taa, redio na betri yenyewe. Tena usichomoe kamwe kibano cha betri mashine ikiwa inawaka. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya umeme wa mashine. Ukiitoa, mawimbi yote yanaingia kwenye taa. Kibano kilicholegea kinafanya madhara yale yale kidogo kidogo kila boti inapopiga wimbi.

Nyekundu ya ubavuni: kama balbu mpya ni ya LED, igeuze kwanza. LED ina chanya na hasi, ukiigeuza haiwaki. Kama bado, angalia springi na bati linalogusa balbu, sugua kwa msasa laini mpaka ling'ae. Balbu ya zamani ya wati 10 ilikuwa ikivuta karibu ampea 0.8, na umeme huo ulisaidia kupenya utando mwepesi wa kutu. LED inavuta kidogo mno, utando ule ule unaizuia. Pia hakikisha umeweka LED nyekundu ndani ya kioo chekundu na ya kijani ndani ya kijani. LED nyeupe ina wekundu mdogo, nyuma ya kioo chekundu inatoa rangi hafifu isiyoeleweka kwa mbali. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinataka nyekundu kushoto na kijani kulia, kila moja ionekane nyuzi 112.5 kutoka mbele, na nyeupe ya nyuma nyuzi 135. Huko kwenu vyombo vinapita usiku, na nahodha wa chombo kikubwa anaamua aende upande gani kwa rangi ya taa zako. Hii ndiyo taa ambayo ningeitengeneza kwanza kabla ya zote, hata kabla ya zile za dagaa.

Hukuuliza, lakini kama una redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, jaribu jambo hili ukimaliza. Mwaka 2018 walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwamba draiva za baadhi ya taa za LED zinazima usikivu wa redio. Zima taa zote, weka redio chaneli 13, punguza kizuia kelele mpaka usikie mkwaruzo, kisha kipandishe kidogo mpaka unyamaze. Washa taa moja moja. Ikirudi kelele taa fulani ikiwaka, taa hiyo inaziba masikio ya redio yako, na siku mtu atakapokuita kwa chaneli 16, ile ya wito na dharura, hutamsikia. Sogeza taa na nyaya zake mbali na antena, sokota chanya na hasi pamoja, na kama haitoshi, badilisha taa.

Kuhusu betri sasa. Ichaji ijae, iache ipumzike saa kadhaa bila kitu kimefungwa, kisha upime. Nzima inasoma karibu 12.7, ikiwa 12.2 imebaki nusu. Washa taa nne zote kwa saa tano, zima, ipumzishe tena, upime. Ikibaki 12.1 au 12.2, betri yako ni nzuri na hukuihitaji mpya, umehitaji ya pili pembeni yake ili mfike alfajiri. Ikiwa imeshuka chini ya 11.9, imechoka.

Niandikie namba tatu: volti za nguzo za betri taa zikiwa zimewaka, volti za omo kwa wakati huo huo, na ulichosoma hasi kwa hasi. Ukiniongezea na hiyo ya betri baada ya saa tano, nitakuambia kama duka lilikuwa na haki kuhusu betri.